Toniki inang'aa chini ya taa ya noti, fenolftaleini haing'ai. Kwa nini?

MamaMaabara:
Habarini wakuu. Nasimamia maabara ya sekondari. Niliazima taa ya kukagulia noti kwa mwenye duka, nikafunga mapazia, nikaimulika soda ya toniki ndani ya bika. Ikawaka buluu, darasa zima likapiga kelele. Nikaleta fenolftaleini yetu ya titresheni, ile kiashiria kinachogeuka pinki kwenye besi, nimeitia sodiamu haidroksaidi, pinki safi kabisa. Chini ya taa, giza. Molekuli za zote mbili zina pete za atomu zenye vifungo maradufu. Kidato cha nne wananing'ang'ania, niwajibu nini?

MkemiaWaPwani:
Dada, fenolftaleini inafyonza mwanga vizuri tu, ndiyo maana unaiona pinki. Cha kuuliza ni hiki: elektroni ikishapandishwa ngazi ya juu ya nishati, inashukaje? Kwenye kwinini, ile dawa chungu iliyomo ndani ya toniki na ndiyo inayong'aa, pete mbili zinazofyonza zimeungana ubavuni, ni bapa, hazijipindi. Elektroni haina pengine pa kumwaga nishati kwa haraka, kwa hiyo inaitoa kama mwanga. Fenolftaleini ina pete tatu zilizoshikwa na kaboni moja, kila moja inapigapiga kama mlango usio na komeo. Nishati inaishia kwenye mtikisiko huo, yaani joto.

Ukitaka ushahidi, tafuta fluoreseini, ile rangi ambayo madaktari wa macho huitia jichoni kukagua michubuko. Ni karibu molekuli ileile, ila atomu moja ya oksijeni imefunga daraja kati ya pete mbili. Oksijeni moja tu! Inang'aa kijani kikali.

MamaMaabara:
Asante sana kaka. Sasa mbona taa inatoa urujuanimno, mwanga tusiouona kwa macho, toniki inarudisha buluu?

MkemiaWaPwani:
Elektroni hupanda na nishati ya ziada. Kabla ya kung'aa huipoteza kwa mitikisiko hadi sakafu ya ngazi ile ya juu, ndipo inaruka chini. Kwinini hufyonza mwanga wenye urefu wa wimbi karibu nanomita 350 (urujuanimno), hutoa wa karibu 450 (buluu), na wimbi refu maana yake nishati ndogo. Mwanafizikia George Stokes aliieleza tofauti hiyo mwaka 1852.

FundiChumvi:
Naongezea. Umbo si kila kitu. Tia chumvi ya mezani kwenye hiyo toniki uone buluu inavyofifia. Kwinini haijabadilika umbo, ila ayoni za kloridi zinaigonga ikiwa bado juu na kuishusha bila mwanga. Tia kidogo kidogo lakini, gesi itafurika mezani. Na wanafunzi wasiichungulie taa.