Malkia Taytu wa Ethiopia: alijiponza au aliponzwa?

NyarKisumu: Hamjambo wanajukwaa. Nafundisha historia hapa Kisumu. Ijumaa kidato cha tatu wana mdahalo juu ya Taytu Betul, mke wa Menelik wa Pili. Menelik wanamjua, mkewe wanasikia tu kwamba alikuwa mkali na mpenda madaraka, ndiyo maana akaondolewa 1910. Ni haki kumsema hivyo?

MzeeWaLanet: Mwalimu, mkali alikuwa, hilo tusibishane. Lakini ukali wake uliiokoa nchi. Mapema 1896 Waitalia waliovamia Ethiopia walijifungia ngomeni Mekele, kaskazini mwa nchi, wanaume wakawa wanashambulia ukuta na kufa bure. Taytu akashauri wakatiwe maji, maana chemchemi zilikuwa nje ya ukuta. Watu wake wakazikamata. Huko ndani askari wakaanza kupimiwa maji, mwishowe wakaiachia ngome. Machi 1 akawa kwenye vita vya Adwa, Waitalia waliposhindwa, na jeshi lake mwenyewe, na wanawake aliowapanga wakawapelekea wapiganaji maji. Huyo ndiye wa kuitwa mpenda madaraka tu?

MamaBahati_Kakamega: Mzee wangu, shikamoo, lakini usiruke la jamaa zake. Menelik alipopigwa na kiharusi, Taytu aligawa vyeo kwa watu wa kwao kaskazini. Akataka kiti arithi Zewditu, binti wa Menelik aliyeolewa na Ras (cheo cha mkuu) Gugsa, mtoto wa kaka yake Taytu. Na Menelik alikuwa ameshamtangaza mjukuu wake, Lij Iyasu, kuwa mrithi! Wakuu wa Shewa, jimbo la kwao Menelik, wangenyamaza?

MzeeWaLanet: Marahaba, mama. La Gugsa sikatai. Ila nitajie mkuu mmoja pale ambaye hakuwa akipandisha watu wake. Wao waliitwa viongozi, yeye akaitwa mchochezi. Kilichommaliza ni kwamba hakuzaa na Menelik, na mume mwenyewe hasemi tena. Machi 1910 wakamwambia aachane na serikali, akamuuguze mumewe. Akamuuguza hadi alipofariki Desemba 1913. Kisha wakampeleka Entoto, milimani juu ya Addis Ababa, akafia huko 1918. Nao wakabaki wakitawala Addis Ababa, mji ambao yeye ndiye aliyemshawishi Menelik waujenge. Mimi jambo hilo linaniuma.

NyarKisumu: Asanteni sana. Mama Bahati, hoja ya Gugsa nawapa wapinzani. Mzee, ya Mekele itafungua upande wa watetezi, na hilo swali la wakuu nitalirusha kwa ukumbi mzima.