Mkufunzi kanipa bunduki ya .22, ananichelewesha?

KijanaWaShela, Malindi
Asalamu alaikum wakuu. Nimejiunga na klabu ya shabaha Nairobi nikidhani nitashika bunduki ya maana. Mkufunzi kanipa .22, risasi zenyewe kama njugu, na kasema kubwa nisiiguse mpaka miezi 3 iishe. Nikirudi Malindi wenzangu wa barazani wananicheka, eti naenda kuwinda kunguru. Kuna faida kweli, au napotezewa wakati?

MzeeWaSabaki
Waalaikum salaam mwanangu. Mimi nilikuwa askari wa wanyamapori, nikaanzia moja kwa moja kwenye G3, bunduki kubwa ya kijeshi. Risasi moja juu, mbili chini kushoto, na lawama zote naitupia bunduki. Siku moja mkufunzi akanijazia magazini mwenyewe, akachanganya risasi za kweli na za bandia bila kuniambia. Nikafyatua, ikalia "tak" tu, na mtutu ukainama kama mshipi ulioguswa na changu! Safu nzima ilicheka. Kumbe siku zote nilikuwa naliogopa teke la bunduki begani kabla halijaja: nafumba macho, nausukuma mtutu chini.

Nikarudishwa kwenye .22. Teke lake si la kutaja, na mlio ni mdogo (masikio ziba hata hivyo). Kirisasi chenyewe kina gramu 2.6 hivi, na bei yake haikuvunji, kwa hiyo unapiga mia asubuhi moja na bega halilalamiki. Hofu ikishatoka ndipo unapoyaona makosa yenyewe: pumzi, kidole, shavu lisilotulia kwenye kitako. Tena risasi yake haina haraka. Ukiinua kichwa mapema kuchungulia, karatasi itakusema.

Hao wa barazani waambie Olimpiki watu wanapiga mita 50 kwa hiyo hiyo .22, na kiini cha alama 10 kina milimita 10.4. Hakifiki nusu ya upana wa sarafu ya shilingi moja.

BintiAmu
Shikamoo mzee. Nasikia mtu anaweza kujizoeza kufyatua ikiwa tupu, bila risasi. Na .22 je?

MzeeWaSabaki
Marahaba mwanangu. Hapo pole pole. Kiwashio cha .22 kimo ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, si katikati. Chemba, yaani tundu inapokaa risasi, ikiwa tupu, kwa bunduki nyingi pini inagonga chuma cha mdomo wa chemba na kukitia kovu. Soma kwanza kitabu chake. Na udogo wake usiwadanganye: risasi hiyo huvuka kilomita moja, lazima nyuma ya shabaha pawe na tuta la udongo. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika mahamri, ile ni risasi ya madini ya risasi, ni sumu.

KijanaWaShela, Malindi
Shukran mzee. Jumamosi namwomba mkufunzi anichanganyie na za bandia. Mtutu ukiinama, barazani sisemi.