Mto Nairobi unaanzia wapi hasa?

Mwalimu_Sayansi: Habari zenu. Wanafunzi wangu wa Gredi ya 6 wanaujua Mto Nairobi pale Globe na Gikomba tu, ukiwa mweusi. Nataka wauone kabla haujachafuka. Ni kweli unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri? Na njiani tusimame wapi?

WaUkingoni: Karibu Kikuyu, mwalimu. Ndiyo, ni Ondiri, na mimi nimekulia kando yake. Msitegemee chemchemi inayobubujika. Mtaona mafunjo na majani mabichi tu, lakini chini yake ni maji. Mizizi imesukana ikaelea juu kama godoro, ukikanyaga hapa panatikisika pale mbele. Ng'ombe akifuata majani huko ndani anazama, kwa hiyo watoto wabaki ukingoni, tafadhali.

Kinamasi hiki hufyonza mvua ya masika na kuiachilia polepole wakati wa kiangazi. Kuna miaka mikaratusi ilikizunguka na pampu za mashamba ya mboga zikivuta mchana kutwa. Maji yalishuka tukaingiwa na hofu. Mikaratusi ikakatwa, ikapandwa mianzi na miti ya kiasili. Waelezeni watoto hilo kuliko jambo lingine lolote! Kila mtu anasema mto usafishwe mjini, na usafishwe kweli, lakini zoa taka zote za Gikomba huku Ondiri ikikauka, utabaki na mtaro.

Kutoka kwetu unateremkia Dagoretti, Kawangware, kisha Chiromo. Choteni maji huku kwenye chupa nyeupe, mkachote mengine Bustani ya Michuki kule mjini, muyaweke pamoja.

Mkulima_Njiru: Na sisi wa chini msitusahau. Mto Mathare na Mto Ngong yote inaingia humo kabla haujamezwa na Mto Athi. Huku watu wanamwagilia sukuma wiki kwa maji hayo hayo. Athi nao mbele unaitwa Galana, halafu Sabaki, unaingia baharini kaskazini mwa Malindi.

Mwalimu_Sayansi: Asanteni sana. Basi chupa ya tatu tutaijaza Njiru. Twende Jumamosi ipi?

WaUkingoni: Yoyote, mradi usiku wake mvua haikunyesha. Fikeni kabla ya saa tatu, kila mtoto na gambuti zake. Glavu za kuchotea maji ya mjini ni lazima.