Mjadala: Je, damu katika Macbeth inamwagwa na tamaa ya mtu mmoja tu?

Wanajamvi, hoja inayosikika zaidi kuhusu Macbeth, tamthilia ambayo Shakespeare aliiandika mnamo mwaka 1606 hivi, ni kwamba shujaa mwema aliharibiwa na uchu wa madaraka uliochochewa na wachawi watatu waliomtabiria ufalme pamoja na mkewe, hadi akamuua Mfalme Duncan ili atawale. Naipinga nusu ya hoja hiyo. Damu ya kwanza tunayoiona jukwaani si ya Mfalme Duncan, bali ni ya askari majeruhi anayekuja kumsimulia mfalme jinsi Macbeth alivyompasua mwasi Macdonwald kuanzia kitovuni hadi kwenye taya, kisha akakitundika kichwa chake juu ya ukuta wa ngome. Duncan hashtuki hata kidogo. Anamsifu, na papo hapo anaagiza apewe cheo cha msaliti mwingine anayekwenda kuuawa. Aliyezoeshwa kupandishwa daraja kwa upanga, kwa nini tustaajabu anapoutumia upanga huohuo kukitafuta kiti cha juu kabisa?

Najua nitajibiwa kwamba Banquo, jemadari mwenzake Macbeth, alipigana vita hiyohiyo na kuusikia utabiri uleule wa wachawi, lakini hakumuua mfalme. Jibu hilo ni zito, na silikwepi. Kabla ya kutenda, Macbeth mwenyewe anakiri kwamba Duncan ni ndugu yake, mfalme wake na mgeni wake, na kwamba hana kinachomsukuma ila tamaa. Hatia ni yake, na ndiyo maana damu ile haimtoki: anaona kwamba bahari nzima haitaiosha mikono yake, bali mikono ndiyo itakayoigeuza bahari kuwa nyekundu. Mkewe, aliyedai kwamba maji kidogo yangetosha, anaishia kutembea usingizini akisugua doa asiloliona mtu mwingine, huku akishangaa kwamba yule mzee, Duncan, alikuwa na damu nyingi kiasi kile.

Hata hivyo, hatia ya Macbeth haiwatakasi waliomtuza. Mwishoni Macduff, mkuu aliyemuua Macbeth vitani, analeta kichwa chake mbele ya Malcolm, mwana wa Duncan, kama kilivyokatwa kile cha Macdonwald, na mfalme mpya anamwita marehemu mchinjaji katika hotuba ileile anayogawia wapiganaji wake vyeo. Wengi husema hapo haki imerejea. Anayeshikilia hivyo naomba atuonyeshe, katika maneno ya Malcolm mwenyewe, ni wapi anapoikana desturi ya kulipa damu kwa vyeo.