Naomba ushauri: wavu wa chuma wa kuzuia mawe mteremkoni, Kigoma

Ndugu wanajumuiya, salaam, na poleni kwa majukumu.

Ninasimamia ghala la dagaa lililo chini ya mteremko mkali kando ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo mwamba umepasukapasuka na kila mvua zinapokolea huporomosha mawe, mengine makubwa kama ndoo. Tumekwisha kung'oa kwa mitaimbo yaliyolegea na kuchimba mfereji wa kukinga maji juu. Wavu wa fensi uliokuwapo tangu zamani umetatuka, nami sioni ajabu, kwani waya wake ni wa chuma laini.

Mhandisi mmoja amependekeza wavu wa waya wenye nguvu ya takribani niutoni 1,770 kwa milimita mraba (waya wa kawaida huwa kati ya 400 na 550 hivi), unaobanwa kwa nondo zilizochimbiwa mwambani, zikajazwa rojo la saruji na kukazwa kwa sahani za chuma, ili jiwe lishikwe kabla halijang'oka. Fundi wetu anaona wavu wa kuning'iniza kutoka juu unatosha, ingawa huo hauzuii jiwe kung'oka bali huliongoza hadi chini.

Kati ya mteremko na ukuta kuna nafasi ya mita nne tu. Je, wavu wa kuning'iniza pamoja na mtaro wa kudaka mawe utafaa hapo, au kuubana hakuepukiki? Na nondo zijaribiweje kwa kuvutwa kabla sijaipokea kazi, ikiwa jeki ya haidroliki ni adimu huku kwetu?