Gumzo la Ukoo wa Tabata: Miaka 15 na mchanga mtupu

Baba Imani: Shikamooni wakubwa. Tumefika salama, tuko Sesriem, geti la kuingilia kwenye yale matuta ya mchanga ya jangwa la Namib, Namibia. Huku saa iko nyuma yenu kwa saa moja.

Bibi Tabata: Marahaba mwanangu, alhamdulillah. Watoto wazima. Huyu mdogo kasusa uji, anataka chapati.

Shangazi Mwajuma: Marahaba. Nauliza hapa hapa hadharani maana faragha hamkunijibu. Mtu katimiza miaka 15 ya ndoa anampeleka mkewe JANGWANI?

Juma: Shangazi, Jangwani ya hapa Dar si wangepanda mwendokasi tu 😂

Shangazi Mwajuma: Juma, wakubwa wanaongea.

Mama Imani: Shikamoo shangazi. Msimlaumu mwenzangu, niliyechagua ni mimi. Kila mwaka tunasema tunakwenda Zanzibar kupumzika. Habari zinasambaa kwamba tumefika, kesho yake nimejifunga kanga kiunoni nasugua masufuria ya watu ishirini. Namibia sina ndugu hata mmoja.

Zuhura Znz: Wifi!!!

Zuhura Znz: Kwa hiyo masufuria yangu ndiyo yamekukimbiza bara zima hili

Mama Imani: Wewe nakupenda wifi yangu. Masufuria hapana.

Kaka Salum: Mngeniuliza. Ngorongoro, karibu na Olduvai, lipo tuta la mchanga mweusi linalohama. Ni majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai, upepo unalisukuma kama mita 17 kwa mwaka. Mngefika kwa gari na mkarudi bila pasipoti.

Baba Imani: Kaka, lile ni moja. Haya ya huku hayana mwisho. Lile tutakwenda na watoto likizo.

Bibi Tabata: Hiyo likizo naisikia tangu Imani yuko chekechea.

Mama Imani: [picha]

Mama Imani: [picha]

Mama Imani: Hapa panaitwa Deadvlei. Chini ni udongo mweupe umepasuka pasuka, huko nyuma matuta mekundu. Wanasema wekundu ni chuma kilichomo kwenye mchanga, kimeshika kutu. Miti hiyo ilikufa zaidi ya miaka 600 iliyopita. Mto ulikuwa unafika, matuta yakaufungia njia. Haijaoza kwa sababu hewa ni kavu mno.

Shangazi Mwajuma: Subiri. Sherehe ya ndoa mnakumbatiana mbele ya miti iliyokufa??

Shangazi Mwajuma: Huo ni uchuro. Futeni hiyo picha.

Juma: Imekufa lakini imesimama shangazi. Yangu ilianguka ikiwa mbichi

Zuhura Znz: 😂😂 Juma jamani

Shangazi Mwajuma: Sicheki. Kapigeni nyingine kwenye maua.

Baba Imani: Maua ya wapi shangazi, huku tumeona choroa wawili na kunguru.

Kaka Salum: Barabara zikoje?

Baba Imani: Kutoka Windhoek sehemu kubwa changarawe, unaendesha kushoto kama kwetu. Ukishaingia getini kuna lami kilomita 60. Zile 5 za mwisho mchanga mtupu.

Juma: Na hapo alikuwa anaendesha nani 👀

Mama Imani: Nani mwingine. Nilimwambia tupunguze upepo wa matairi, akasema gari linavuta magurudumu yote. Tumezama hata kabla ya kuona mti. Akasimama mzee mmoja na wageni wake, hakutusalimia wala nini, akapiga magoti akaanza kutoa upepo tairi moja moja. Akamaliza ndipo akatuuliza tumetoka wapi.

Baba Imani: Hili nalo lilikuwa la kundi zima?

Mama Imani: Bado la kupanda. Lile tuta kubwa wanaliita Big Daddy, linapita mita 300, chukua ghorofa la Bandari pale Posta ulibebeshe lingine. Unapita juu ukingoni, ukiinua mguu mmoja huu mwingine umeshazama. Upande wa kivuli mchanga wa baridi mpaka vidole vinakufa ganzi, upande wa jua unachoma. Katikati mwenzangu akataka tugeuze. Nikakaa chini, nikafungua mfuko nikala yai la kuchemsha, nikamwambia mimi nasubiri hapa hadi apate akili.

Mama Imani: Akapanda.

Mama Imani: Kule juu tumekaa mpaka jua likapanda. Tumeongea mambo ambayo nyumbani huwa tunayasogeza mpaka taa imezimwa na mmoja keshaanza kukoroma. Kushuka ni raha tupu, unatelemka ubavuni mchanga unakubeba, dakika kumi uko chini.

Zuhura Znz: Mambo gani hayo

Mama Imani: Wifi.

Bibi Tabata: Mama huyu ni Imani natumia simu ya bibi. Kwenye ramani jangwa liko pembeni ya bahari. Kwa nini mvua hainyeshi kama huku kwetu?

Baba Imani: Swali zuri mama. Bahari ya huku ni ya baridi. Kuna mkondo unaitwa Benguela, unatoka kusini na maji baridi. Hewa ya juu yake inapoa, haipandi ikawa mvua, inakuwa ukungu. Kuna mbawakawa huku wanainamisha kichwa juu ya tuta, ukungu unaganda mgongoni, tone linateremka mpaka mdomoni. Wanakunywa hivyo.

Bibi Tabata: Kwa hiyo wanakunywa mgongo wao 😳

Babu Tabata: NIMESOMA YOTE. HIYO BARABARA YA MWENGE HADI UBUNGO MNAYOPITA KWENDA MLIMANI CITY MNADHANI SAM NUJOMA NI NANI. NDIYE RAIS WA KWANZA WA NAMIBIA. ALIPOTOROKA KWAO 1960 ALIPITA HAPA TANGANYIKA. SWAPO, CHAMA CHAO CHA UKOMBOZI, WALIKUWA NA OFISI HAPA DAR NA KAMBI KONGWA, DODOMA. UHURU WAO 21 MACHI 1990. HUYO MAMA RAIS WAO WA SASA, NETUMBO NANDI-NDAITWAH, KAKAA HAPA DAR MIAKA YA 80. MSISEME HAMNA NDUGU HUKO.

Juma: Babu ondoa herufi kubwa basi

Babu Tabata: SIJUI ZINAPOONDOLEWA

Mama Imani: Tumekuelewa baba. Shikamoo.

Babu Tabata: MARAHABA. VAENI SWETA.

Mama Imani: Tumevaa yote tuliyobeba. Usiku hapa kama nyuzi 5, nimelala na soksi mbili na kitenge kichwani.

Shangazi Mwajuma: Mnarudi lini?

Baba Imani: Kesho tunaelekea Swakopmund, baharini. Jumanne tunapitia Johannesburg, Dar saa nane usiku. Juma utatupokea?

Juma: Nipo. Gari halina mafuta lakini.

Kaka Salum: Nimekurushia elfu 30. Terminal 3, na usichelewe.

Juma: Imeingia kaka, asante.