Mfumo wa mauzo wa mgahawa: nimuulize nini muuzaji kabla ya kusaini?

Mwenye mgahawa mpya

Wakuu, heshima zenu. Niko mbioni kufungua mgahawa wa meza 18, jiko moja, kaunta moja ya vinywaji na dirisha la wanaochukua chakula na kuondoka nacho. Nimeonyeshwa mifumo miwili ya mauzo. Mmoja unatumia tableti, kumbukumbu zake zote ziko mtandaoni, na unalipiwa kila mwezi. Mwingine una kompyuta yake inayokaa palepale mgahawani; unanunua mara moja, kisha unalipa ada ya matengenezo kila mwaka.

Wauzaji wote wawili wamenionyesha michoro ya rangi na ripoti za kusoma kwenye simu. Walipomaliza, tofauti pekee niliyoiona ni bei, na hilo haliniridhishi. Mimi natokea kwenye biashara ya duka, ambako mteja analipa na kwenda zake. Mgahawani mteja anakaa, anaagiza, anaongeza, anahama meza, halafu wanagawana bili. Nawaomba mliofanya kazi ukumbini au jikoni: nikikaa na muuzaji, nimuulize nini hasa?

Msimamizi wa ukumbi

Karibu kwenye kazi hii mkuu. Umeuliza wakati mzuri, maana wengi huja na swali hili wakiwa wameshasaini.

Jibu nusu umeshalitoa mwenyewe. Dukani mauzo yanaanza na kuisha papo hapo. Mgahawani bili inaweza kukaa wazi saa mbili, ikiongezwa, ikipunguzwa, ikipita mikononi mwa watu watatu au wanne. Mfumo unaofaa ni ule unaoitunza hiyo bili tangu mteja anapoketi hadi anapolipa, na kukumbuka kila aliyeigusa. Michoro ya rangi haitakuonyesha hilo.

Kwa hiyo mwambie muuzaji aweke pembeni mauzo yake ya mfano. Mpe menyu yako halisi aiingize, kisha mpe meza ya watu sita. Wawili wanaagiza vinywaji kwanza. Mmoja kuna kiungo kinachomdhuru, na lazima jikoni wakijue. Vitangulizi vitoke sasa, vyakula vikuu visubiri hadi weita aseme vitoke. Katikati ya mlo mmoja anahamia meza nyingine pamoja na kinywaji chake. Mwishoni wawili wanalipa pamoja, watatu kila mtu chake, na kuna mmoja anayetaka kulipa sehemu kwa kadi na iliyobaki kwa pesa taslimu. Nakusihi, anayebonyeza asiwe muuzaji. Vidole vyake vinaijua njia. Mkalishe weita ambaye hajawahi kuuona mfumo huo, nawe simama nyuma yake. Akikwama kwenye utulivu wa mchana, usiku ukumbi ukijaa atakwama zaidi.

Sasa jambo ninalolijali kuliko yote: kufuta. Oda imekwenda jikoni, chakula kimeliwa, mteja amelipa taslimu, halafu mtu anafuta sahani mbili kwenye bili au anaweka punguzo, na tofauti inaingia mfukoni. Tatizo hili ni la zamani kuliko umeme wa majumbani. Mashine ya kwanza ya kusajili mauzo ilibuniwa mwaka 1879 na James Ritty, mwenye baa huko Dayton, Ohio, Marekani, kwa sababu pesa za mauzo zilikuwa zinaishia kwa wafanyakazi. Vifaa vimebadilika sana tangu hapo, lakini swali ni lilelile.

Muulize hivi: kabla oda haijatumwa jikoni, weita anaweza kuondoa kitu? Hapo aweze, watu hukosea na wateja hubadili mawazo. Ikishatumwa, je, lazima msimamizi aweke namba yake ya siri na sababu? Jina na saa vinabaki kwenye ripoti? Nani anaweza kutoa punguzo, na mwisho wake kiasi gani? Bili iliyokwisha kufungwa inaweza kufunguliwa tena, na ikifunguliwa inaacha alama? Bili ikichapishwa mara ya pili inaandikwa kwamba ni nakala? Hili la nakala wengi hulipita, kumbe bili moja inaweza kupelekwa kwa meza mbili zilizoagiza vitu vilevile.

Kila mfanyakazi awe na namba yake. Timu nzima ikiingia kwa namba moja, ripoti yako haina mtu ndani yake. Na usidhani haya ni ya kumwinda mfanyakazi. Weita mwaminifu ndiye anayeumia zaidi pale pesa zinapopungua na hakuna kumbukumbu, kwa sababu tuhuma zinagawiwa kwa wote. Nimesimamia watu waaminifu wengi, na kumbukumbu safi ndiyo iliyowalinda.

Wakati wa kufunga zamu, tafuta mfumo unaomtaka keshia ahesabu droo na kuandika alichokikuta kabla ya kuonyeshwa kiasi kinachotarajiwa. Akikiona kwanza, hesabu yake itafuata kile alichokiona.

Fundi wa mitandao

Msimamizi amemaliza upande wa watu, naongezea upande wa nyaya.

Usiulize "intaneti ikikatika mnafanyaje?" Kila muuzaji atakwambia mfumo unaendelea. Chomoa waya wa intaneti mbele yake. Kisha tuma oda kutoka tableti ya kwanza, uone kama imetoka jikoni, halafu ifungue meza hiyohiyo kwenye tableti ya pili. Hapo ndipo mifumo inapotofautiana. Ipo ambayo kila tableti inaendelea kivyake lakini hazionani tena, kwa hiyo weita wawili hawawezi kuhudumia meza moja. Ipo inayoendelea kuwasiliana kwa mtandao wa ndani kana kwamba hakuna kilichotokea.

Huo wa kompyuta ya ndani hautasumbuliwa na intaneti, lakini una swali lake: diski ikifa leo, kumbukumbu za jana ziko wapi? Nakala ya akiba ya kumbukumbu itoke kila siku, yenyewe, na ikae nje ya jengo.

Malipo ya kadi bila intaneti ni habari nyingine. Vifaa vingine hupokea kadi na kuituma baadaye. Maana yake benki haijaulizwa bado, na kadi ikikataliwa baadaye, kwa kawaida hasara ni yako. Weka kikomo cha kiasi, au zima kabisa.

Printa za jikoni na kaunta ziunganishe kwa waya. Jiko limejaa chuma, na oveni ya maikrowevu hutoa mawimbi ya karibu gigahezi 2.4, palepale zinapofanya kazi Wi-Fi nyingi. Betri ya akiba usiiwekee kompyuta peke yake. Ruta, swichi ya mtandao (kisanduku kinachounganisha nyaya za vifaa) na printa ya jikoni navyo vinaihitaji. Pia droo ya pesa kwa kawaida hufunguliwa na ishara inayotoka kwenye printa ya risiti. Printa ikigoma, droo haifunguki, hivyo ufunguo wake ukae mahali msimamizi anapajua.

Mwisho kwangu: chagua printa zinazoelewa amri za ESC/POS, yaani lugha ambayo mfumo hutumia kuiambia printa ichapishe nini. Zilianzishwa na Epson na watengenezaji wengi wengine wanazifuata, kwa hiyo ukibadili mfumo printa zako zina nafasi nzuri ya kubaki.

Mpishi mkuu

Nimefurahi kuona jikoni tumekumbukwa. Kwa kawaida tunaletewa mfumo ukiwa umeshanunuliwa.

Karatasi ya risiti za kawaida haitumii wino. Inaandikwa kwa joto. Iweke karibu na jiko au chini ya taa ya kutunza moto wa chakula, inageuka nyeusi na maandishi yanapotea ndani yake. Jikoni mimi napendelea printa ya pini inayogonga utepe wa wino. Haijali joto, inaweza kuandika mabadiliko kwa rangi nyekundu, na kelele yake inaniambia oda imefika hata nikiwa nimeipa mgongo. Skrini pia ni nzuri, hasa kwa sababu inahesabu dakika za kila oda, ila hakikisha inaendeshwa kwa vitufe vigumu. Kugusa kioo kwa vidole vyenye mafuta ni mateso.

Oda igawanyike yenyewe: vya baridi kwa mpishi wa baridi, vya moto kwangu, vinywaji kaunta. Maelezo kama "bila chumvi" yawe ya kuchagua, weita asiandike kwa mkono wake, maana kila mtu ana kifupi chake. Kitu kinachomdhuru mteja kiandikwe juu, kwa herufi kubwa. Weita akifuta sahani, taarifa ije jikoni pia, la sivyo naendelea kupika.

Na uombe kitufe cha "kimeisha". Mimi nikibonyeza hapa, chakula hicho kizimike kwenye tableti zote muda huohuo. Mteja akiahidiwa chakula ambacho hakipo, ukumbi unaudhika na jiko linalaumiwa.

Mwenye mgahawa mpya

Ndugu zangu, hapa nimepata zaidi ya nilivyotarajia. Nina moja limebaki. Wote wawili wanasema mfumo utapunguza viungo stoo wenyewe kila sahani inapouzwa, na kipengele hicho kina malipo ya ziada. Kina faida kweli?

Msimamizi wa ukumbi

Kina faida kwa anayepima. Mfumo haujui kilichopikwa, unajua kilichouzwa na mapishi uliyouandikia. Tuseme umeandika gramu 200 za nyama kwa sahani, na wiki hii zimeuzwa sahani 50. Utasema kilo 10 zimetumika. Stoo ukipima unakuta zimeondoka kilo 11 na nusu. Hiyo kilo moja na nusu ndiyo uliyoilipia kipengele: labda kijiko cha mpishi ni kikubwa, labda nyama iliharibika na haikuandikwa, labda imetoka mlango wa nyuma. Bila mizani na mtu wa kuhesabu stoo kwa siku maalumu, utakuwa unalipia namba za kubuni. Anza na vitu vichache vya gharama kubwa, nyama na vinywaji vikali kwa mfano. Chumvi na viungo vidogo viache.

Kuhusu ile miwili yako, aina yake isikutishe. Kama intaneti ya hapo ulipo haitabiriki, mimi ningeegemea wa kompyuta ya ndani, mradi nakala za kila siku zipo. Kama ni imara na huna fundi wa karibu, wa tableti utakupa usumbufu mdogo. Lakini kabla ya hapo soma mkataba. Unafungwa muda gani? Unalazimika kutumia huduma yao ya malipo ya kadi, na wanakata asilimia ngapi? Vifaa ulivyonunua vitafanya kazi na mfumo mwingine? Ukiondoka, utapewa menyu, mauzo na orodha ya wateja kwenye faili unaloweza kulifungua mwenyewe? Majibu haya yawe kwenye karatasi yenye sahihi.

Na ile namba ya msaada waliyokupa, ipige mwenyewe usiku wa wikiendi, saa ambayo mgahawa wako utakuwa umejaa. Subiri uone anapokea nani, na anajua nini.